Kuliweka sawa gitaa la besi kwa ajili ya tapingi

Besi nyingi zinazouzwa madukani zimewekwa kwa mtu anayecharaza: mkono wa kushoto unabana, vidole viwili vya kulia vinavuta uzi, basi. Kwenye tapingi hakuna anayevuta. Sauti yote inatoka pale kidole kinapoupiga uzi chini mpaka ugonge freti, yaani vile vyuma vilivyokingama kwenye shingo na kuhesabiwa kuanzia kichwani, na mikono yote miwili inafanya kazi hiyohiyo juu ya shingo. Kwa hiyo kila sehemu ya milimita ambayo uzi umekaa juu ya freti utailipia kwa nguvu ya kidole, na kila uzi usioguswa unapata mwanya wa kulia bila kuombwa.

Vijana wanaoniletea besi hapa Tandika, Dar es Salaam, wengi wao wapigaji wa kwaya na vikundi vya kusifu, huwa wameshaangalia video za wapiga besi kama Victor Wooten, Billy Sheehan na Stuart Hamm mpaka bando limekata. Vidole viende wapi wanajua. Kinachowakwamisha ni kwamba besi haijibu. Mmoja alinieleza vizuri kuliko mimi ningeweza: "Fundi, nikigonga freti ya tano, uzi wa E unaongea, wa G unakohoa." Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapo vidole havina kosa. Acha hiyo besi hapo, pitia kesho jioni."

Kazi niliyoifanya kwenye besi ile unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, isipokuwa sehemu mbili nitakazokuonya ukifika.

Jaribio la mkono mmoja

Kabla hujashika bisibisi, chomeka besi kwenye ampu, weka sauti ya kawaida, kisha mkono wa kulia uweke mfukoni. Kwa kidole cha pili cha mkono wa kushoto, gonga freti ya 5 kwenye uzi wa E, ulio mnene kuliko yote, kisha A, D na G, ambao ndio mwembamba kuliko yote. Halafu freti ya 2. Halafu ya 12. Gonga kwa uzito ambao ungeutumia kubonyeza batani ya rimoti, usizidishe.

Sikiliza mambo matatu. Je, noti inatoka mara moja, au mpaka uongeze nguvu? Je, nyuzi nne zinalingana sauti? Na ukiinua kidole, kunabaki kimya au uzi mtupu, yaani usiobanwa popote, unaendelea kunguruma? Andika majibu mahali. Utalirudia jaribio hili baada ya kila hatua, na hilo ndilo litakalokuambia kama uendelee au usimame. Watu wanaoshusha nyuzi kwa macho tu, bila kusikiliza, huishia na besi inayokwaruza kila mahali, halafu wanasema tapingi ni ya besi za gharama.

Vifaa

Seti ya alenki, za milimita na za inchi (besi za Kimarekani na nakala zake hupenda inchi). Bisibisi ya nyota. Rula ya chuma yenye milimita. Tyuna ya kwenye simu. Fila geji ukiipata, ile ambayo mafundi pikipiki wanapimia nafasi ya vali. Maduka ya spea Kariakoo wanayo.

Ukiikosa fila geji, kuna njia ninayoitumia hata mimi mwenye nayo. Ile plastiki inayobaki ukishachomoa laini mpya ya simu ina unene wa mm 0.76. Mbili zikibandikana ni mm 1.5. Tatu ni mm 2.3 hivi, nne ni mm 3. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ina unene wa karibu mm 0.1. Kwa plastiki nne na karatasi chache unapima karibu kila kitu kwenye besi. Kadi ya benki ina unene uleule, lakini iache kwenye pochi: pikapu, kile kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachodaka sauti, ni sumaku, na ule mstari mweusi wa nyuma ya kadi haupatani na sumaku.

Nyuzi kwanza

Usipime chochote kwenye nyuzi za zamani unazopanga kuzitupa. Nyuzi nne za besi zikivutwa mpaka kwenye tyuni zinaivuta shingo kwa uzito wa karibu kilo 70 hadi 80, na seti nyembamba inavuta kidogo kuliko nene. Ukibadilisha unene baada ya kupima, umeanza upya.

Seti ya kawaida ni 45 hadi 105, namba hizo zikiwa ni sehemu za elfu za inchi. Kwa tapingi mimi huweka 40 hadi 100, au 40 hadi 95 kwa mwenye vidole vyepesi. Uzi mwembamba unafika kwenye freti kwa nguvu kidogo. Lakini usishuke sana. Chini ya hapo uzi wa E unakuwa umelegea, unayumba, na unagonga freti za mbele yake hata ukiugusa kwa adabu.

Chagua nyuzi zilizosokotwa kwa waya wa mviringo, zile zenye mikwaruzo ukipitisha kucha. Zile laini zilizosokotwa kwa waya bapa zinapendeza sana kwenye rumba na kwenye dansi la zamani, na mzee mmoja wa bendi aliyenifundisha kazi hakuwahi kutaka nyingine, ila kwenye tapingi zinameza mlio wa juu ambao ndio unaoitofautisha noti na noti. Kati ya nikeli na chuma cha pua, chuma cha pua kinang'aa zaidi kwa sauti na kinakula freti haraka zaidi. Nikeli inatosha.

Na habari ya kuchemsha nyuzi? Inafanya kazi, kwa muda. Maji yanayochemka yanatoa jasho na uchafu uliokaa katikati ya msokoto, mng'ao unarudi kwa siku chache, kisha unapotea. Kwa anayejifunza chumbani hakuna ubaya. Kwa kupima na kuweka besi sawa, tumia mpya: uzi uliochoka haushiki tyuni sawasawa kuanzia chini mpaka juu ya shingo, na utajikuta unaihukumu briji, kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi, kwa kosa la uzi.

Upinde wa shingo

Shingo nzuri ya besi haijanyooka kabisa. Ina upinde mdogo sana, ili uzi unapotikisika upate nafasi katikati. Anayecharaza kwa nguvu anahitaji upinde wa mm 0.3 au zaidi. Uzi uliogongwa hautikisiki upana ule, kwa hiyo kwenye tapingi unaweza kushuka hadi mm 0.1 au 0.2.

Tyuni besi iwe E, A, D, G kamili. Ikae kama unavyoipiga, isilale chali mezani, maana meza inaisukuma shingo. Bana uzi wa E kwenye freti ya 1 kwa kidole, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine (mwombe mtu, au tumia kapo, kile kibanio cha shingoni, kwenye freti ya 1). Sasa uzi wenyewe umekuwa rula. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Ingiza karatasi moja: ipite bila kuusogeza uzi. Ingiza mbili: ziguse. Hapo upo sawa.

Zikipita karatasi tatu au nne bila kugusa, upinde ni mkubwa. Tafuta tundu la trasi rodi, ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. Tundu hilo huwa kichwani chini ya kifuniko kidogo au mwisho wa shingo karibu na pikapu. Kuzungusha kwenda kulia kunakaza na kunyoosha shingo; kwenda kushoto kunalegeza na kuongeza upinde. Robo ya mzunguko kwa wakati mmoja. Tyuni tena, pima tena. Mbao hazina haraka, na shingo nyingine huendelea kusogea hata baada ya saa kadhaa, ndiyo maana napenda besi ilale kwangu usiku mmoja.

Hapa ndipo onyo la kwanza. Trasi rodi ikigoma, usitafute bomba la kurefusha alenki. Alenki ikicheza ndani ya tundu, acha, maana ukilimenya tundu lile umeingia kwenye kazi kubwa kuliko bei ya besi nyingi. Wapo wanaojiita mafundi ambao hukaza mpaka ukasikia mlio. Mlio huo ni kitu kilichovunjika.

Mfupa wa juu

Watu hukimbilia kwenye briji. Mimi hukaa sana huku juu, kwenye kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji minne kinachopitisha nyuzi kwenda kichwani.

Fikiria kazi ya mkono wa kushoto kwenye tapingi. Unapiga mistari ya besi peke yake, kwenye freti za 1 hadi 7, bila msaada wa mkono wa kulia. Mifereji ikiwa juu, kwenye freti hizo hasa ndipo uzi unakuwa mgumu, na ukiulazimisha unapanda tyuni. Briji ukiishusha mpaka chini kabisa haitakusaidia kitu hapo. Iko mbali mno. Besi nyingi za bei ya chini hutoka kiwandani na mifereji iliyo juu, kwa sababu mfereji wa juu haukwaruzi na hauleti malalamiko dukani.

Pima hivi. Bana uzi kwenye freti ya 3. Tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya 1. Kwa uzi wa G, karatasi moja ipite kwa kujibana. Kwa uzi wa E, karatasi mbili. Gusa uzi pale juu ya freti ya 1 kwa ncha ya kidole: unatakiwa usikie mtikiso mdogo, tik. Usiposikia kitu kabisa, mfereji umeshashuka kupita kiasi. Ukiuona uzi unasafiri, una kazi ya kufanya.

Tupa maalumu za mifereji ni ghali. Kwa besi kuna njia mbadala: chukua kipande cha uzi wa zamani wenye unene uleule, kishike ncha zote mbili, kipitishe mferejini na ukivute kwenda na kurudi. Msokoto wake unakata plastiki na mfupa taratibu, na mfereji unabaki na upana unaomfaa mwenyewe. Elekeza ncha ya upande wa kichwa chini kidogo, ili uzi ukae kwenye ukingo wa mbele, ule wa upande wa freti. Ukikata sawasawa kimlalo, uzi unakaa nyuma ya ukingo, unavuma kama nzi, na tyuni haishiki.

Vuta mara chache, rudisha uzi, tyuni, pima. Ni kazi ya kuchosha, na ndivyo inavyotakiwa. Ukizidisha kwa bahati mbaya, jaza mfereji kwa bikaboneti ya kuokea, dondoshea tone la supagluu, subiri ikauke, kata upya. Inashika vizuri kuliko watu wanavyofikiri, ingawa kiraka hicho si cha maisha.

Sasa rudi kwenye jaribio la mkono mmoja, freti ya 2. Tofauti utaisikia hapa kuliko hatua nyingine yoyote.

Freti, kisha briji

Kabla ya kushusha nyuzi, hakikisha freti zenyewe zipo sawa. Tafuta kitu chenye ukingo ulionyooka kinachogusa freti tatu tu. Kwenye freti za upande wa kichwa tumia rula fupi. Kuanzia freti ya 12 kuelekea briji, upande mfupi wa ile plastiki ya laini unatosha. Uegemeze juu ya freti tatu kwa urefu wa shingo. Ukingo huo ukicheza, freti ya katikati iko juu. Jaribu chini ya uzi wa E na chini ya uzi wa G, maana freti huweza kuinuka upande mmoja tu.

Freti iliyoinuka mara nyingi imelegea kwenye mbao. Ibonyeze kwa kipande cha mti. Ikishuka na kupanda, tone dogo la supagluu na shinikizo la dakika chache huirudisha. Ikiwa haishuki, yaani yenyewe ni ndefu, hilo ndilo onyo la pili: kusawazisha freti kwa tupa ni kazi ya fundi. Nimepokea besi iliyopigwa tupa ya vyuma na mtu wa mtaa fulani, freti zikiwa bapa juu na ubao umechimbwa pande zote. Hiyo haiponi kwa kurekebisha, inabadilishwa freti zote.

Freti zenye kutu ya kijani zing'arishe kwa stilwaya laini sana, siyo ile ya kusugulia masufuria. Funika pikapu kwa selotepu ya karatasi kabla hujaanza, kwa sababu vumbi la chuma likishaganda kwenye sumaku halitoki lote.

Ndiyo, sasa briji. Kila sadeli, kile kipande cha briji kinachobeba uzi mmoja, ina skrubu mbili ndogo za alenki, kwa kawaida mm 1.5. Pima kwenye freti ya 12, uzi ukiwa mtupu. Kwa uzi wa G, plastiki mbili zipite zikigusa: mm 1.5. Kwa uzi wa E, plastiki mbili na karatasi nne: mm 1.9. A na D zifuate mviringo wa ubao katikati ya hizo. Kwa kulinganisha, Fender hupima kwenye freti ya 17 na kwa shingo zenye mviringo wa kawaida wa kisasa hupendekeza karibu mm 2.4 upande wa E na mm 2 upande wa G, kwa mpigaji wa kila kitu. Wewe unashuka chini ya hapo kidogo tu.

Shusha uzi mmoja, gonga freti za 5, 12 na 15 kwa mkono wowote. Noti ikitoka kwa mguso mwepesi na ikaishi, simama hapo hata kama plastiki inasema bado kuna nafasi. Ukisikia mkwaruzo, sikiliza kupitia spika, siyo sikio likiwa juu ya besi. Mkwaruzo usiofika kwenye spika hauna madhara. Lakini kama kwenye wimbo uleule unapiga slepu (kuupiga uzi kwa kidole gumba) kisha tapingi, panda karatasi mbili kila upande, maana slepu inaurusha uzi mbali na besi iliyo chini sana itakuumbua.

Kuna besi ambazo sadeli zimefika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, hasa kuanzia freti ya 12 kwenda mbele, pale mkono wa kulia unapogonga. Tatizo ni pembe ya shingo. Legeza nyuzi, fungua skrubu nne za nyuma, na uweke utepe mwembamba wa mbao wa kama nusu milimita ndani ya mfuko wa shingo, upande wa karibu na briji. Kichwa kinarudi nyuma kidogo, nyuzi zinashuka, na sadeli zinapata nafasi ya kurekebishwa tena.

Intonesheni, yaani uzi kushika tyuni sawasawa shingo nzima, ni ya haraka. Linganisha kwenye tyuna hamoniki ya freti ya 12 (ule mlio mwembamba unaotoka ukiugusa uzi kidogo tu bila kuubana) na noti ya freti ya 12, ila noti hiyo igonge kama unavyopiga, usiibane. Noti ikiwa juu ya hamoniki, vuta sadeli nyuma. Ikiwa chini, isogeze mbele kuelekea shingo. Rudia kwa kila uzi.

Pikapu

Watu wakikosa sauti kwenye tapingi hupandisha pikapu karibu na uzi. Sauti inapanda, na mlio wa uzi kugonga freti nao unapanda zaidi. Halafu sumaku ikiwa karibu mno inauvuta uzi, noti za juu zinayumba kama zimepungukiwa tyuni, na utarudi kulaumu intonesheni bure.

Bana freti ya mwisho. Chini ya uzi wa E plastiki nne zipite kati ya uzi na pikapu, chini ya G plastiki tatu. Anzia hapo. Kisha gonga freti ya 7 kwenye nyuzi zote nne na inamisha pikapu kwa skrubu zake mpaka nyuzi zilingane. Kama una pikapu mbili, zifungue zote na punguza kidogo ya shingoni, kwa sababu ndiyo inayosikia vishindo vya mkono wa kulia kwa karibu.

Kuzima kinachobaki

Ukifika hapa, gonga mfululizo kwa mikono miwili, kisha inua yote kwa pamoja. Kama besi haina kitu cha kuzimia nyuzi, utasikia nyuzi tupu zikinguruma. Kila kidole kinachoinuka kinaushtua uzi, na uzi uliolegezwa unarudi kwenye urefu wake wote mpaka kwenye mfupa wa juu. Ukicharaza, viganja vinazima. Kwenye tapingi viganja viko hewani.

Emmett Chapman, Mmarekani aliyeanza kupiga kwa mikono miwili sambamba juu ya shingo mwaka 1969, alitengeneza ala yake mahususi, Stick, na kuanza kuiuza mwaka 1974. Ala hiyo ina kitambaa cha kuzimia karibu na mfupa wa juu kama sehemu yake ya kawaida. Hata yeye hakutegemea ustadi wa vidole peke yake kunyamazisha nyuzi tupu, kwa hiyo usione aibu kufunga kitambaa kwenye besi yako.

Vifungo vya dukani vipo, Gruv Gear wana vyao vinavyoitwa FretWraps. Raba ya nywele yenye kitambaa, ile nene ya akina dada, inafanya kazi ileile. Ipitishe kichwani, izungushe mara mbili, iweke juu ya freti ya 1. Ikibana kiasi cha kuzima uzi mtupu bila kuupandisha tyuni, umeipata. Ikiwa nyembamba, mlio mwembamba wa hamoniki utapenya. Weka kipande cha kitenge kilichokunjwa chini yake. Kabla ya kupiga wimbo unaohitaji E tupu, isukume nyuma ya mfupa wa juu, na ukimaliza irudishe. Baada ya mazoezi kidogo mkono utafanya hivyo wenyewe kati ya ubeti na kiitikio.

Wengine hubandika sponji chini ya nyuzi karibu na briji. Hiyo iache kwa wanaotaka besi ya midundo mifupi. Kwenye tapingi noti tayari ina maisha mafupi kuliko ya kucharaza, usiipunguzie.

Ampu, kompresa na erthi

Mikono miwili haina nguvu sawa, na hapa kompresa, kifaa kinachoshusha sauti zinazozidi ili zilingane na nyingine, inasaidia kweli. Uwiano wa 4 kwa 1, mwanzo wa haraka wa milisekunde 5 hivi ili ibane kile kishindo cha kwanza, kuachia kwa milisekunde 100 hadi 150. Ikishusha desibeli 4 hadi 6 unapogonga kwa nguvu, inatosha. Ukizidisha, itapandisha kila kelele ndogo kati ya noti na noti. Kwenye miksa punguza eneo la hezi 200 hadi 250, ambako noti mbili za chini zikigongwa pamoja hugeuka uji. Chini ya hezi 40 kata kabisa, kwa sababu E yako tupu ni hezi 41 na chini ya hapo hakuna noti, kuna vishindo tu.

Besi yako ikiwa haina betri, utagundua pia kwamba ukiinua mikono yote miwili inavuma. Nyuzi zimeunganishwa na waya wa erthi, na mwili wako ukizigusa kelele inapungua. Anayecharaza huwa amegusa uzi muda wote, wewe huwi. Fungua kifuniko cha nyuma, hakikisha waya unaotoka briji kwenda kwenye chuma cha volyumu haujakatika, kisha vika tundu lote karatasi ya aluminiamu iliyounganishwa na erthi hiyo, bila kugusa nyaya za sauti. Na kama ukumbini midomo ikigusa maiki unapigwa na umeme hata kidogo, chomoa, mwite fundi umeme. Hakuna wimbo unaosubiri jambo hilo.

Mkanda ufupishe mpaka besi ikae kifuani juu, kichwa kikipanda kuelekea begani, ili viwiko vyote viwili vipate nafasi na kifundo cha mkono wa kushoto kisipinde. Ukiwa umekaa au umesimama, besi iwe mahali palepale.

Hali ya hewa ya pwani

Upinde ulioupima Februari hautakuwa uleule mvua za masika zikishakolea. Mbao inanyonya unyevu, shingo inasogea, na nyuzi zikiwa chini hivi karatasi moja ya tofauti unaisikia. Hapa Dar mimi humwambia mpigaji wa tapingi apime upinde masika yanapoanza, yanapoisha, na tena vuli ikiingia. Ukihamia Dodoma au ukipelekwa kwenye tamasha la huko, tegemea kinyume: mbao inakauka, inasinyaa, na ncha za freti zinachomoza pembeni na kuchana kiganja. Hizo zinasawazishwa kwa msasa laini. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na usiiache besi ndani ya gari juani.

Mwenye nyuzi tano

Uzi wa B ni mzigo kwenye tapingi. Ni mnene, hauongei kwa mguso mwepesi, na mkono wa kulia hauufikii kwa raha. Ukishaamua kwamba tapingi ndiyo yako, fikiria kuivua B na kuiweka besi E, A, D, G, C, uzi wa C wa juu ukiwa na unene wa karibu 30. Mkono wa kulia unapata uwanja mpya wa melodi na wa kushoto haupotezi chochote unachokijua.

Ila usibadilishe nyuzi ukaishia hapo. Mfereji wa B ni mpana, uzi wa E utachezacheza ndani yake, na vivyo hivyo kila uzi kwenye mfereji wa jirani yake mnene. Unahitaji mfupa mpya uliokatwa kwa seti hiyo, kisha upinde, kisha briji, kwa mpangilio uleule. Ukimpelekea fundi kazi hii, nunua kwanza nyuzi utakazotumia na umpelekee pamoja na besi, aikate mifereji juu ya nyuzi zenyewe.